Deni lililokuwa limelipwa: nilivyojifunza kutunza taarifa za duka letu Masasi

Mwezi wa Februari wa mwaka juzi, siku ya mvua kubwa, aliingia dukani kwetu Masasi bibi mmoja mwenye umri wa kumzaa mama yangu, akiwa ameshuka kwenye pikipiki iliyomtoa kijijini kwao, upande wa barabara iendayo Nanyumbu. Alikuwa ametota. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti, kisha akafungua fundo la pindo la khanga yake na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa stakabadhi ya duka letu, kwa mwandiko wa kijana wetu wa kaunta, ikionyesha kwamba mwezi wa Desemba alilipa shilingi 96,000 na kwamba hakubakiwa na deni lolote.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "mmetuma ujumbe kwenye simu ya watoto kwamba nadaiwa. Watoto wamesoma, na majirani wamesikia. Mimi tangu nizaliwe sijala cha mtu."

Nilimwomba radhi mbele ya wateja waliokuwapo, nikamrudishia nauli yake, na jioni ile nikampigia mwanawe simu ili neno la kumsafisha lifike kwa walewale waliosikia lile la kumchafua. Baada ya kufunga duka nilibaki nimekaa na ile stakabadhi, nikijiuliza ilikuwaje karatasi ya bibi iliyokaa kwenye pindo la khanga wiki tisa iwe ya kweli kuliko kompyuta yetu.

Ili msomaji asiye wa huku aelewe uzito wa jambo hili, ni lazima nieleze namna biashara yetu inavyokwenda. Tunauza pembejeo: salfa ya unga katika mifuko ya kilo 25, viuatilifu vya maji vya kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga na wadudu wa mikorosho, mbegu za ufuta na mahindi, pamoja na vipuri vya mashine za kupulizia. Mkulima wa korosho huanza kuhitaji dawa mwezi wa Juni, mikorosho inapochipua na kuelekea kutoa maua, na wakati huo ndipo mfukoni mwake huwa hamna kitu. Fedha huzipata baada ya minada kuanza mwezi wa Oktoba, kwa kuwa tangu msimu wa 2007/2008 korosho za mikoa yetu huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, mzigo ukaenda ghala kuu, ukanadiwa, na malipo yakaja baadaye. Kwa hiyo kati ya siku tunayoandika deni na siku tunayolipwa hupita miezi minne, mitano, wakati mwingine sita. Muda wote huo hakuna kinacholilinda deni letu isipokuwa maandishi, na maandishi hayohayo ndiyo yanayomlinda mteja dhidi yetu.

Mama yangu aliliendesha duka hili kwa daftari la jalada gumu, na hakuwa akiandika jina na kiasi peke yake. Aliandika, kwa mfano, "mke mdogo wa fundi cherehani wa karibu na kisima, shamba liko bondeni, mifuko miwili, atalipa mwanawe wa pili akirudi Newala." Nilipokuwa kijana, nimetoka kusoma masomo ya biashara, niliyaona maneno hayo kuwa ni mazungumzo ya barazani yaliyopotea njia yakaingia katika hesabu. Tulipoanza kutumia kompyuta, mpwa wangu aliandaa jedwali la Excel lenye safu nne, yaani jina, simu, kiasi na tarehe, tukakaa siku tatu tukihamisha daftari zima, na kila tulipofika kwenye kisima, mwembe au fundi cherehani tuliruka. Hapakuwa na safu ya kuviweka. Nilijivunia sana usafi wa jedwali lile.

Sasa natambua kwamba kila neno katika daftari la Mama lilikuwa na kazi, nayo ilikuwa kumtenganisha mtu huyu na mwingine yeyote mwenye jina kama lake. Sisi tulilitupa lile lililotenganisha tukabaki na lile linalofanana.

Kosa la yule bibi nililifuatilia mpaka mwanzo wake. Jina lake, ambalo sitaliandika hapa, lina herufi "r" mwanzoni. Aliyeandika deni mwezi wa Julai aliliandika kwa "r". Aliyepokea malipo mwezi wa Desemba alikuwa kijana mwingine; alimsikia bibi akijitaja kwa matamshi ya nyumbani, akaandika "l", akatafuta katika kompyuta asimwone, akafungua mstari mpya. Kuanzia hapo mtu mmoja akawa wawili: mmoja anadaiwa shilingi 96,000 na hajalipa kitu, mwingine amelipa shilingi 96,000 na hajawahi kukopa. Mwezi wa Februari nilipoagiza waliochelewa kulipa watumiwe ujumbe, kompyuta ilifanya ilichoambiwa. Kinachoniuma zaidi ni yule wa pili. Mtu aliyelipa deni asilokuwa nalo ni jambo la ajabu ambalo lingetosha kumsimamisha yeyote ambaye angeisoma orodha ile kwa dakika tano, lakini lilikaa pale wiki tisa bila kuonwa, kwa sababu sote tulikuwa tukiandika katika jedwali lile na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akilisoma.

Nilikaa na mpwa wangu jioni saba tukaipitia orodha yote, mstari kwa mstari, Mama akiwa pembeni. Tulianza na majina 412. Tulipomaliza walibaki watu 361. Kazi kubwa aliifanya Mama, ambaye kila tuliposoma jina aliuliza, "Yupi huyo? Wa nani?" na mara nyingi mimi sikuwa na jibu.

Majina yetu ya kusini yanahitaji uangalifu ambao majedwali ya tayari hayakuufikiria. Mtoto huchukua jina la baba yake kuwa la pili, na mara nyingi mjukuu hupewa jina la babu, hivyo Hamisi Mohamedi na Mohamedi Hamisi wanaweza kuwa baba na mwana wanaoishi ua mmoja na kupulizia shamba moja, na Hamisi Mohamedi wa tatu akawa ndiyo kwanza anaingia shule ya msingi. Selemani, Sulemani na Suleiman huweza kuwa mtu mmoja kwa waandishi watatu. Mwanamke aliyekuja mwaka jana kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mwaka huu hujitaja kwa jina lake la ubatizo au la nyumbani kwao, na hajadanganya mahali popote. Waliokuwa huku msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo kutanguliwa na uhakiki wa wakulima, wanakumbuka neno uhakiki lina uzito gani kwa mtu anayesubiri fedha yake. Ni vigumu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba herufi moja ni jambo dogo.

Namba ya simu nayo tuliitegemea kupita kiasi. Tulidhani ni alama ya mtu, kumbe kwa wateja wetu wengi ni alama ya nyumba: simu ni ya kijana, laini imesajiliwa kwa jina la mkewe, na anayedaiwa ni baba mkwe. Malipo ya simu yanapoingia, jina linalosomeka katika ujumbe ni la mwenye laini. Asipoulizwa papo hapo analipa kwa niaba ya nani, atakayeandika kesho yake atabahatisha. Hivi sasa katika kila malipo ya simu tunaandika mambo mawili katika safu mbili, aliyetuma na anayelipiwa, na ile safu ya pili haiachwi wazi hata kama ni mtu yuleyule.

Kompyuta yenyewe ilituongezea makosa yake, na haya nayaeleza kwa kirefu kwa sababu najua maduka mengi ya Mtwara na Lindi yanayafanya leo bila kujua. La kwanza ni sifuri ya mwanzo. Ukiandika namba ya simu inayoanza na 0 katika seli, yaani kisanduku, ya kawaida ya Excel, programu huihesabu kuwa ni namba ya hesabu, nayo katika hesabu sifuri ya mwanzo haina thamani, hivyo huiondoa. La pili ni baya zaidi. Kulikuwa na wakati tuliandika namba za vitambulisho vya taifa za wateja wa mkopo, bila vistari. Namba hiyo ina tarakimu 20, ilhali Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba moja na kuzigeuza zinazofuata kuwa sifuri. Tulikuwa na safu nzima ya vitambulisho vilivyoishia na sifuri tano, na kilichopotea hakirudi kwa kubadili muundo wa seli. Lazima kiandikwe upya kutoka kwenye kitambulisho chenyewe. Dawa ni kuitangaza safu kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote.

La tatu ni tarehe. Kompyuta yetu ilikuja imepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Tulipoandika 03/07 tukimaanisha tarehe 3 Julai, iliipokea kuwa Machi 7 bila kunung'unika. Tulipoandika 25/07 pamoja na mwaka, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano, iliiacha kama maneno tu. Basi safu moja ikawa na tarehe zilizogeuzwa, tarehe sahihi na maneno yanayofanana na tarehe, vyote vimechanganyika. Tulichogundua ni kwamba tarehe halisi hujipanga upande wa kulia wa seli na maneno hujipanga kushoto, na kwa alama hiyo tuliweza kuona zilipo. Siku hizi mwezi tunauandika kwa jina lake. Nilipata faraja kidogo niliposoma kwamba hata wataalamu wa vinasaba vya binadamu walilazimika, mwaka 2020, kutoa mwongozo mpya na kubadili majina ya baadhi ya jeni kwa sababu programu za majedwali zilikuwa zikiyageuza kuwa tarehe.

Saa nazo zilitukosanisha, kwa namna ambayo ni yetu Waswahili. Ujumbe wa malipo ukisema 2:20 ya mchana, simu inamaanisha saa nane na dakika ishirini. Kijana mmoja alinakili 2:20 kama ilivyo. Mwenzake aliyefunga hesabu akaisoma kuwa saa mbili asubuhi, akaitafuta katika mauzo ya asubuhi, akaikosa, akaihesabu kuwa fedha isiyo na mwenyewe. Tulikubaliana kutumia mfumo wa saa 24 katika maandishi na kuendelea kusema saa zetu kwa mdomo.

Kuhusu vipimo sina haja ya kusema mengi kwa msomaji wa kusini. Sote tunaijua kangomba, kipimo kilichoitwa kilo huku kikibeba zaidi ya kilo, na jinsi kilivyompunja mkulima kwa sababu tu hakuna aliyelazimika kueleza kilichomo ndani yake. Katika stoo yetu kiuatilifu cha maji huingia kwa katoni ya chupa 12 na hutoka kwa chupa. Aliyepokea mzigo aliandika 2, aliyeuza akaandika 2, na jedwali likasema zimekwisha ilhali chupa 22 zimo rafuni. Tuliagiza nyingine. Kiuatilifu kina tarehe ya mwisho wa matumizi, na zile za awali zilipitwa na muda nyuma ya zile mpya. Sasa kila bidhaa ina kipimo kimoja tu cha kuandikia, nacho ni kile kidogo kabisa tunachouza, na hakuna namba inayoandikwa bila kipimo chake pembeni.

Lakini yote hayo niliyoyaeleza ni marekebisho ya jedwali, nami nimeamini kwa dhati kwamba taarifa hupata ubora wake au huupoteza pale kaunta, katika zile sekunde chache ambazo mwenye taarifa bado amesimama mbele yako. Akishaondoka, kinachobaki ni kukisia. Kwa sababu hiyo badiliko ambalo nisingekubali kuliacha hata kama ningelazimika kuyaacha mengine yote ni hili: kabla mteja hajaondoka, aliyeandika anamsomea kwa sauti alichokiandika. Anasoma namba yake, jina lake, mtu wa nani na wa wapi, amechukua nini, kipimo gani, na amebakiwa na kiasi gani. Mteja asiyejua kusoma anayo nafasi ileile ya kusahihisha kama mwalimu mkuu. Mwanzoni vijana waliona aibu, foleni ikarefuka, na mteja mmoja alituuliza kama tumeacha kumwamini. Baada ya mwezi, wateja wenyewe wakawa wanasimama kusubiri kusomewa.

Namba niliyoitaja ni yetu wenyewe. Kila mteja wa mkopo ana kadi ndogo yenye namba ambayo haina maana nyingine yoyote, haibebi kijiji wala mwaka wa kuzaliwa, hivyo akihama au akibadili jina namba haigeuki uongo. Na safu ya Mama imerudi. Tunaiita "utambulisho," na ndani yake mna visima, miembe na mafundi cherehani. Mtu akija bila kadi, kijana hutafuta kwa jina, kisha kwa simu, kisha kwa utambulisho, na mstari mpya haufunguliwi mpaka wawili tumekubali kwamba hayupo. Sehemu hii Mama aliifundisha mwenyewe, akiwaonyesha vijana namna ya kumuuliza mtu ukoo wake kwa heshima bila kumhoji kama polisi.

Jambo lililokuwa gumu zaidi kwangu lilihusu makosa yenyewe. Kwa miaka mingi upungufu wa stoo ulikatwa kwenye mishahara ya vijana, desturi niliyoikuta na kuiendeleza bila kuifikiri. Nilipomuuliza mmoja wao kwa upole ni kwa nini hesabu zake za mwisho wa mwezi zilikuwa hazitofautiani kamwe na kompyuta, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, nilikuwa natazama kwanza kompyuta inasemaje, halafu naandika hiyohiyo." Simlaumu. Nilikuwa nimemwekea bei kwenye ukweli, na mshahara wake haukuitosha bei hiyo. Makato yameondolewa, isipokuwa wizi ukithibitika. Badala yake kuna daftari dogo la makosa ambamo tunaandika kosa lilianzia hatua gani, na mimi huandika yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Kosa katika daftari la mauzo halifutwi wala kupakwa wino mweupe. Linapigwa mstari mmoja ili lisomeke, sahihi inaandikwa juu yake, na aliyesahihisha anaweka herufi zake na tarehe. Kila Jumatatu kabla ya kufungua tunahesabu bidhaa kumi, na anayehesabu hapewi namba iliyomo katika kompyuta mpaka ametaja yake. Tukiwa watatu asubuhi, kazi hiyo haichukui nusu saa.

Vile vitambulisho vya taifa tuliviondoa kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu halali ya kuzikusanya, asichukue zaidi ya zinazohitajika, na azitunze zikiwa sahihi. Tulipojiuliza vitambulisho vile vilitusaidia nini, hatukupata hata deni moja lililolipwa kwa sababu yavyo. Utambulisho wa Mama nao ni taarifa binafsi, tena ya ndani kuliko namba, kwa hiyo hatuandiki humo ugonjwa, ugomvi wala jambo lolote ambalo mwenyewe akisomewa mbele ya watu angeinamisha kichwa.

Bibi yule alirudi mwezi wa Julai, msimu wa kupulizia ukiwa umekolea. Kijana wa kaunta alimwamkia, akachukua kadi yake, akamsomea: namba, jina kwa "r", mahali anapokaa, na kwamba hana deni. "Hapo sawa," alisema, "ila simu si hiyo tena. Yule mtoto amehamia Lindi na simu yake." Kijana alipiga mstari mmoja juu ya namba ya zamani, akaandika ya mkwe wake, akaweka tarehe na herufi zake, akamsomea tena. Nilimwambia bibi kwamba mkopo wake uko wazi kama zamani. Alinishukuru, akafungua pindo la khanga, akalipa fedha taslimu kwa mifuko miwili ya salfa. Mwaka uliotangulia, kwa mkopo, alichukua mitatu.